Bwawa la miaka 40 linavuja: je, lazima tuvunje sakafu?

*«Assalam aleikum mtaalamu. Mimi na mume wangu tumerithi nyumba ya baba mkwe hapa Nyali. Ina bwawa la kuogelea lililojengwa 1983, mita 10 kwa 5, upande mmoja kina mita 1 na mwingine mita 2. Linapoteza maji kama sentimita 4 kwa siku, na kila siku ya tano tunanunua boza la lita 10,000. Maji yanayorudi bwawani hayana nguvu, na chini ya midomo yake kuna madoa ya kahawia ukutani. Fundi wa kwanza amesema tununue pampu kubwa zaidi kisha tubandike vigae vipya, basi. Wa pili amesema mabomba yote yamekufa, tuvunje sakafu nzima. Shemeji yangu anasema kuna dawa ya kumwaga majini inayoziba matundu yenyewe. Pembeni mwa bwawa hakuna mahali palipolowa. Januari tulikaa Lamu wiki tatu, pampu tukaizima, na tuliporudi tulikuta maji yameshuka mpaka vidole vinne chini ya midomo ya kurudishia maji. Tunataka kupokea wageni wa kupanga Desemba. Tumsikilize nani?»*

Waaleikum salaam dada yangu, na poleni. Swali lako nimelisoma mara mbili. Ile sentensi ya Lamu, uliyoiandika kama ya kupitia tu, imebeba nusu ya jibu, nami nitaifikia. Ninavyokuelewa, unachoogopa ni kutoa pesa mara mbili: mbandike vigae vya gharama mwaka huu halafu mwakani mvivunje kutafuta bomba, au mvunje zege la sakafu ambalo pengine halina kosa lolote. Mafundi wako wamegawana hofu hizo. Mmoja atakuingiza kwenye ya kwanza, mwenzake kwenye ya pili.

Tuanze na hesabu. Mita 10 kwa 5 ni uso wa mita za mraba 50, kwa hiyo kila sentimita inayoshuka ni lita 500. Sentimita 4 ni lita 2,000 kwa siku, na siku tano zikipita boza lako limeisha. Jua na upepo wa Mombasa hunywa nusu sentimita hivi kwa siku, na kaskazi ikivuma kweli kweli inaongezeka kidogo. Toa hiyo, zinabaki lita 1,700 na ushei zinazoingia ardhini kila siku. Usikubali mtu akwambie kwamba bwawa kuukuu lote huwa hivyo.

Sasa Lamu. Mliondoka pampu imezimwa, kwa hiyo hakuna kilichokuwa kikisukuma maji wala kuyavuta. Yalishuka kwa uzito wake tu. Midomo ya kurudishia kwa kawaida huwa sentimita 30 hadi 40 chini ya usawa wa maji. Kwa mwendo wa sentimita 3 au 4 kwa siku, safari ya kufika hapo ni siku kumi au kumi na mbili. Siku tisa hadi kumi na moja zilizobaki, jua na kaskazi vikanywa vile vidole vinne. Hesabu inakaa sawa kabisa. Kwa hiyo maji yalikuwa yakiingia kwenye midomo hiyo, yanarudi kinyumenyume ndani ya bomba lililo nyuma yake, na kupotelea njiani. Usawa uliposhuka chini ya midomo, njia ikafungika.

Na sakafu je? Tundu la chini, lile la kwenye kina kirefu, lilikuwa limefunikwa na maji wiki zote tatu. Lingekuwa linavuja, au bomba lake linalopita chini ya zege lingekuwa limetoboka, maji yasingesimama pale. Yangeendelea kushuka mpaka mrudi mkute watoto wa jirani wanacheza mpira ndani. Fundi wa pili alipotaja kuvunja sakafu, nadhani hakukuuliza kuhusu safari yoyote. Kuhusu skima lakini, lile dirisha la juu ukutani ambalo pampu huvutia maji na majani yanayoelea, safari hiyo haijatuambia kitu: mdomo wake uko juu zaidi, na maji yaliuacha mkavu siku za mwanzo tu. Bomba la skima bado ni mshukiwa.

Unasema pembeni hapajalowa. Kwenye udongo wa mfinyanzi jambo hilo ningelipa uzito. Nyali imekaa juu ya matumbawe, mwamba ule ule uliochongwa mawe ya kujengea Mji wa Kale, na matumbawe yana matundu kama chila. Lita 1,700 zinashuka humo kimya kimya bila kuacha alama juu ya ardhi. Nimeona mabwawa yaliyomwaga maji miaka miwili na nyasi za pembeni zimekauka. Usitafute tope. Kama kuna mwarobaini au mkungu karibu, tazama huo: mti uliostawi upande mmoja tu katikati ya kiangazi, mizizi yake imeshapata mahali pa kunywa, na mara nyingi ndiyo iliyopanua kiungo cha bomba.

Madoa ya kahawia yananiambia mabomba yenu ni ya chuma kilichopakwa zinki, yale tunayoyaita GI. Zinki huliwa kwanza ili chuma kisiliwe, hiyo ndiyo kazi yake, lakini ni ngozi nyembamba. Maji ya bwawa yana klorini, na ya visima vyetu vya Pwani yana chumvi na chokaa juu yake. Zinki ikiisha chuma kinabaki uchi, na pale kilipounganishwa na valvu ya shaba kinaliwa haraka zaidi, kwa sababu metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi moja humla mwenziwe.

Mwaka jana nilikata kipande cha bomba la inchi moja na nusu kwenye bwawa moja la Tudor, umri wake kama wa lenu. Ukilitazama kwa nje lilikuwa bomba zima. Ndani lilikuwa limeota vichuguu vya kutu na chokaa, kidole changu cha shahada hakikupita, kile kidogo kilipita kwa kulazimisha. Nikaligonga kwa nyundo, upande wa chini ukabomoka kama ganda la yai. Mwenye nyumba alikuwa amebadilisha pampu mara mbili ndani ya miaka mitatu akilaumu pampu.

Ndiyo maana ushauri wa fundi wa kwanza siukubali. Maji yenu hayana nguvu kwa sababu njia imezibika, na pampu kubwa haiipanui njia. Ukitaka kupitisha maji mara mbili kwenye bomba lile lile, upinzani unapanda karibu mara nne. Upande wa kusukuma, presha hiyo ya ziada itamaliza yale maganda ya yai yaliyobaki, na uvujaji utaongezeka. Upande wa kuvuta ni vibaya zaidi: pampu ikinyimwa maji huanza kuunguruma kama imetafuna kokoto; ni mapovu yanayopasuka ndani yake, nayo hula panka lake. Bili ya umeme nayo itapanda. Na vigae juu ya mabomba hayo ni kumpamba mgonjwa hina.

Dawa ya shemeji, kwa heshima yake, ipo na ina mahali pake. Inaweza kuziba ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta. Kwa bomba lililooza linalopoteza lita elfu na mia saba kwa siku haitashika, na itakayobaki itaganda kwenye mchanga wa filta mje mnunue mchanga mwingine.

Kabla ya kumwita mtu yeyote, fanyeni majaribio matatu wenyewe. La kwanza, lile bomba la kutolea maji machafu wakati wa kuosha filta. Pampu ikiwa kwenye kazi ya kawaida, bomba hilo liwe kavu. Likitiririka hata kidogo, raba ya ndani ya valvu ya filta imechoka, na mtu anaweza kuvunja bwawa zima kwa kosa la raba. Mwangalie tena pampu ikiwa imezimwa, hasa kama chumba cha pampu kiko chini kuliko bwawa, kwa kuwa valvu mbovu inaweza kuleta picha ile ile mliyoiona mliporudi kutoka Lamu. La pili ni ndoo. Ijazeni maji ya bwawa, muiweke kwenye ngazi ya kwanza usawa wa ndani na wa nje uwe sawa, mtie alama kote kuwili, mngoje saa 24. Ndoo inaonyesha kilichonywewa na jua, na nje ya ndoo mtaona jua pamoja na uvujaji. Fanyeni siku moja pampu ikizunguka na siku nyingine imezimwa. Ikipotea zaidi pampu ikizunguka, ni bomba la kurudishia. Ikipotea zaidi imezimwa, geukia mabomba ya kuvuta, na hapo mara nyingi utaona pia mapovu ya hewa yakitoka kwenye midomo pampu inapofanya kazi. La tatu ni rangi ya chakula, ile nyekundu ya jikoni. Pampu ikiwa imezimwa na maji yametulia, mtu azame na kibomba cha sindano, adondoshe rangi polepole karibu na kila mdomo, karibu na taa, na kwenye kona za skima. Panapovuja, rangi itavutwa kama moshi unaoingia dirishani. Taa msiisahau: bomba la waya wake ni mlango wa uvujaji ambao mafundi wengi huuruka.

Baada ya hapo ndipo aje fundi mwenye geji ya presha. Kila bomba lizibwe ncha zote mbili, lijazwe maji, lipandishwe presha ya baa 1 na nusu hivi, lisubiriwe dakika 30. Sindano ya geji ikishuka, bomba hilo linavuja. Kwa maji, nasisitiza. Ukiona fundi anasukuma hewa tupu ya kompresa ndani ya bomba kuukuu, mwambie aache: hewa iliyobanwa ikipasua bomba hurusha vipande kama risasi, maji hayafanyi hivyo.

Nikichukulia kwamba vipimo vitakubaliana na ninavyoona, uamuzi wangu ungekuwa huu: sakafu msiivunje, na mabomba yote ya chuma myastaafishe. Hayo mawili yanaenda pamoja. Mabomba mapya yanaweza kulizunguka bwawa kwa nje, kwenye mtaro wa nusu mita chini ya njia ya kutembelea, na kuingia kupitia ukuta pale juu kwenye midomo na skima. Mtavunja ukanda wa njia na madirisha machache ukutani. Ya chuma yaliyo chini ya zege yabaki pale pale, yamezibwa kwa simenti laini isiyosinyaa, yasiwe tena njia ya maji.

Utaniuliza: na lile tundu la chini, ambalo umesema halivuji? Lifungeni pia. Chuma cha miaka 40 kilichofaulu leo sikiwekei dhamana ya miaka 10 chini ya vigae vipya. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Mabwawa ya zamani huwa na tundu moja tu la chini lililounganishwa moja kwa moja na pampu, na kifuniko chake kikivunjika, tundu hilo linaweza kumshika mtoto kwa nywele au kwa mwili, na mtu mzima asiweze kumbandua. Marekani walitunga sheria 2007 inayobeba jina la Virginia Graeme Baker, mtoto wa miaka 7, mjukuu wa James Baker aliyekuwa waziri wao wa mambo ya nje, aliyekufa hivyo 2002. Ninyi mnataka kuwaweka wageni na watoto wao. Ama kuwe na matundu mawili yaliyoachana karibu mita moja, yote kwenye bomba moja na yenye vifuniko vilivyotengenezwa kwa usalama huo, ama kusiwe na hata moja. Kuweka mawili ni kuvunja sakafu. Kwa bwawa la nyumbani la ukubwa wenu naona kutokuwa nalo ni sawa, mradi midomo mipya ielekezwe kidogo chini ili maji ya kina kirefu yasilale, na pampu ya kuzamisha iwepo siku ya kumwaga maji.

Hasara yake ipo na siifichi: pampu itategemea skima peke yake, na usawa wa maji ukishuka chini ya mdomo wa skima, pampu itavuta hewa na kuungua. Kwa hiyo wekeni skima mbili. Hapa Mombasa mimi huziweka moja upande wa kaskazini na moja upande wa kusini. Kusi ikivuma, majani yote yanaenda kulala upande wa kaskazini. Kaskazi ikigeuka, yanarudi kusini. Bwawa lenye skima moja husafishwa na upepo nusu ya mwaka, nusu nyingine mnasafisha ninyi kwa wavu.

Sasa jambo ambalo hukuuliza, nami naliogopa kuliko yote: kumwaga maji. Bwawa tupu ni mashua. Maji ya ardhini yakiwa juu ya sakafu yake kwa mita moja, yanaisukuma juu kwa tani 1 kila mita ya mraba. Zege la sentimita 15 lina uzito wa kilo 360 hivi kwa mita hiyo hiyo, basi fikiria nani atashinda. Nilipokuwa kijana, nilimwaga bwawa moja la Mtwapa mwezi wa Mei, masika imechanganya, kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa na haraka na mimi nilitaka kazi. Asubuhi tulikuta kina kirefu kimenyanyuka kiasi cha kiganja, skima imekatika, njia imepasuka mstari mmoja kutoka ngazi mpaka chumba cha pampu. Hakuna aliyesema neno. Mwenye nyumba alikaa kwenye kiti cha plastiki akalitazama tu.

Karibu na bahari kuna jambo jingine. Maji ndani ya matumbawe hupanda na kushuka na bahari, na bamvua letu linapita mita 3 kati ya kujaa na kupwa. Kwa hiyo mwagieni wakati wa maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, baada ya masika kuisha na kabla ya vuli: Agosti au Septemba. Kabla ya kumwaga, chimbeni shimo jembamba karibu na kina kirefu, lishuke kupita sakafu ya bwawa, mtazame maji yako wapi siku kadhaa, yakijaa na yakipwa. Yakionekana juu ya usawa wa sakafu, msimwage mpaka mhandisi aseme. Na kwenye kisima kidogo cha tundu la chini huenda kuna valvu inayoruhusu maji ya ardhini kuingia bwawani badala ya kulinyanyua. Mkiikuta, isafishwe au ibadilishwe, na bomba la pembeni yake ndilo lizibwe. Akiiziba hiyo pamoja na bomba, fundi atakuwa amelikatia bwawa nanga kwa mkono wake mwenyewe.

Siku kadhaa kabla ya kumwaga acheni kutia klorini, jua liimalize, mpime. Msiyaelekeze barabarani wala kwa jirani.

Kuhusu mabomba mapya: bwawa lenu lina lita 75,000 hivi. Kuyazungusha yote kwa saa 6 ni lita 12,500 kwa saa. Maji ya upande wa kuvuta yasipite mwendo wa mita 1 na nusu kwa sekunde, na kwa mwendo huo bomba la inchi moja na nusu hupitisha lita 7,000 hivi kwa saa, la milimita 63 karibu 13,000. Chagueni la 63, PVC ya presha ya baa 10 au zaidi. Zile nyembamba za maji taka zisikaribie hapo hata kama rangi zinafanana. Kila skima iwe na bomba lake mpaka chumba cha pampu na valvu yake yenyewe, msiziunganishe chini ya ardhi. Pampu mliyo nayo, kama ni ya nguvu farasi 1 na mota yake haijaliwa na chumvi, huenda ikatosha kabisa mabomba yakiwa mapana.

Kuna mtego mmoja wa madukani kwetu. Bomba la inchi 2 na bomba la milimita 63 huuzwa rafu moja na wauzaji huyataja kama ni kitu kimoja. La inchi 2 lina upana wa nje wa milimita 60.3. Tofauti ni milimita 2.7 tu, na kutokana na hizo 2.7 nimechimbua viungo vingi kuliko kutokana na mizizi. Fundi anakuta bomba halikai kwenye soketi. Anawasha karatasi au gesi, analichoma bomba mpaka lilainike, analivimbisha au kulibana, analisukuma humo likiwa moto, anapaka gundi juu. Siku hiyo halivuji. Wengine huongezea ukanda wa tyubu ya baiskeli. Bomba lililochomwa limekonda mahali pale na limekunjamana ndani, na gundi imeshika nusu. Ukiona moto kwenye eneo la kazi, simamisha kazi. Nunueni vyote vya kipimo kimoja, na nenda dukani na kipande cha bomba mkononi.

Gundi yenyewe kwa joto letu ni kazi ya asubuhi. Bomba likatwe sawasawa, makapi yakwanguliwe, lisafishwe kwa dawa yake, gundi ipakwe kote kuwili, lisukumwe mpaka mwisho kwa kuzungushwa robo, lishikwe nusu dakika. Kopo lililoganda kama uji litupwe, lisiongezwe petroli. Mngoje saa 24 kabla ya presha. Kwenye mtaro, bomba lilale juu ya mchanga na kufunikwa mchanga, kwa kuwa kokoto za matumbawe ni visu. Na panapopita ukutani, kumbuka zege haliishiki PVC laini: livalishwe pete ya kuzuia maji, au lipakwe gundi na kunyunyiziwa mchanga mkavu lipate meno, kisha lizibwe kwa simenti isiyosinyaa. Mchanga wa pwani usiingie kwenye zege hilo, chumvi yake itakula nondo.

Kisha, kabla ya kufukia, mabomba yote yawekwe presha ya baa 2 na geji iachwe hapo hapo kazi ikiendelea. Mpiga simenti akigonga bomba kwa mtaimbo, sindano itasema siku hiyo hiyo, na aliyegonga bado yuko kazini. Pigeni picha za mtaro na futi ya kupimia ikiwa imelala ndani yake. Vigae vije mwisho kabisa, na maji yasirudi mpaka gundi ya vigae imalize siku zilizoandikwa kwenye mfuko wake, mara nyingi wiki mbili. Mkianza vipimo Julai na kumwaga Agosti, Desemba inawatosha. Mkianza Oktoba, vuli itawakuta bwawa likiwa tupu.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kuyaamua nikiwa huku. Kama kuna ufa unaopita sakafu na kupanda ukutani, kama ukigonga sakafu inalia tupu, kama ukingo wa bwawa umepanda au umeinama, au kama shimo la kupimia limeonyesha maji juu ya sakafu, muiteni mhandisi wa ujenzi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya kabla ya lita moja kutolewa. Na kama mtu yeyote amewahi kuhisi kutetemeka au kuchomwachomwa akiwa majini, au akishika ngazi ya chuma, toeni watu wote, zimeni swichi kubwa ya nyumba, na msirudi humo mpaka fundi umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, aje. Hata bila dalili hiyo, mwiteni katika ukarabati huu: waya za 1983 zina umri wa mabomba, na pampu na taa zinahitaji waya wa ardhi na swichi ya kinga inayokata umeme wenyewe unapovuja.

Fanyeni jaribio la ndoo wiki hii, hali ikiwa haina mvua, mkaandike namba mbili: sentimita zilizopotea pampu ikizunguka, na zilizopotea ikiwa imezimwa, zote baada ya kutoa za ndoo. Fundi atakayekuja na geji mpeni namba hizo pamoja na habari ya Lamu, mwone anauliza nini.